"Joto la Rangi" na Tangi "Refu": Uhakiki wa Istilahi za Taa za Matumbawe

Makala haya yanahusu kijitabu kimoja kilicholetwa mbele yetu ili kisomwe upande wa istilahi kabla ya kupigwa chapa. Kimefasiriwa kutoka Kiingereza, na kinamwelekeza msomaji namna ya kuchagua taa za LED kwa ajili ya tangi la maji ya chumvi lenye kina, ambamo hufugwa matumbawe yaliyo hai. Huenda baadhi ya wasomaji wetu wakasema kwamba jambo hili ni la anasa na halistahili kurasa za jarida hili. Sisi hatuoni hivyo. Matangi ya namna hiyo hutumika katika uchunguzi wa sayansi za bahari, na Waswahili waishio Muskati, Dubai na Ulaya wanayaona madukani na majumbani. Zaidi ya hayo, taa za LED sasa zauzwa katika kila mji wetu, na maneno yatakayopitishwa kwa taa ya matumbawe ndiyo yatakayomfikia mwanafunzi wa fizikia na mama anunuaye balbu ya sebuleni. Istilahi ikiharibika hapa, itaharibika kote.

Hatuna haja ya kumtaja mfasiri. Kiswahili chake ni chepesi, sentensi zake zinasomeka, na amefanya kazi ambayo wengi wangeikimbia. Makosa yamo katika istilahi, na baadhi yake yaweza kuua viumbe ambavyo kijitabu kimeandikwa ili kuviokoa.

Tulikisoma kijitabu hiki pamoja na walimu, mafundi umeme na wauza taa wa Masasi na Newala. Tuliichagua miji hiyo kwa makusudi. Kiswahili cha Masasi si cha jana: mnamo mwaka 1876 Askofu Edward Steere, mtunzi wa kile kitabu cha mafunzo ya lugha ya Kiswahili kilichochapishwa mwaka 1870, alifika huko akiongoza kundi la watu waliokombolewa utumwani kutoka Unguja, nao wakapiga kambi chini ya vilima vya mawe ambavyo vingali vinautambulisha mji. Newala yenyewe iko juu, ukingoni mwa magharibi mwa Uwanda wa Makonde, ikilitazama bonde la Ruvuma. Wenyeji wa miji hii huzungumza Kimakonde, Kimakua au Kiyao nyumbani, na Kiswahili sokoni, shuleni na ofisini. Hawana maneno ya kibaharia ya kurithi. Istilahi ikieleweka kwao, itaeleweka na Mtanzania yeyote. Ikieleweka Mikindani tu, bado haijawa ya taifa. Hata hivyo bahari haiko mbali nao kwa namna nyingine. Gesi iliyogunduliwa Ghuba ya Mnazi mwaka 1982 ndiyo iliyokuja kuendesha mitambo ya umeme ya Mtwara na kuzipelekea nuru wilaya za bara za mkoa huo, na ghuba hiyohiyo, pamoja na maingilio ya Ruvuma, ilitangazwa kuwa hifadhi ya bahari mwaka 2000 kwa ajili, pamoja na mambo mengine, ya matumbawe yake.

Tuanze na kosa kubwa kuliko yote. Katika sura ya pili msomaji anaambiwa: chagua taa yenye "joto la rangi" la kati ya 14,000 na 20,000. Ukurasa huohuo, mistari michache chini yake, unaonya kwamba "joto la taa" lisiingie majini, kwani matumbawe hayastahimili joto. Tulipozisoma sentensi hizi mbili kwa sauti katika duka moja la vifaa vya umeme Newala, mwenye duka, mtu mzima, alitukatiza: "Ndugu zangu, digrii elfu kumi na nne? Taa hiyo si itawafanya samaki supu?" Waliokuwapo walicheka, lakini mzee huyo alikuwa amesoma sawasawa. Kijitabu ndicho kilichoandika vibaya.

Asili ya usemi huu ni ya kueleweka. Mhunzi akikichochea chuma motoni, kwanza huwa chekundu, kisha cha rangi ya chungwa, kisha cha njano, na kikizidi kupata moto huelekea weupe. Wanafizikia wakapima rangi ya mwanga kwa kuilinganisha na mwili wa mfano unaowaka kwa halijoto fulani, na kipimo chake kikawa kelvini. Balbu ya zamani ya waya ilikuwa karibu na kelvini 2,700, ambao ni mwanga wa njano. Mwanga wa mchana ni kama 6,500. Na taa za matumbawe, ambazo huelekea buluu, huandikwa 10,000, 14,000, hata 20,000. Kumbe taa ya LED haiwaki kwa kupashwa moto kama chuma cha mhunzi. Tarakimu ile inaeleza rangi tu. Taa ya 20,000 si ya moto kuliko ya 2,700. Na watu wa mapambo, kwa kulizidisha fumbo, huiita ile ya tarakimu kubwa "baridi" na ile ya tarakimu ndogo "vuguvugu". Mfasiri wetu amechukua na haya pia: "mweupe baridi", "mweupe vuguvugu". Hivyo msomaji anaambiwa kwamba taa yenye joto kubwa ndiyo baridi. Hatudhani kwamba lugha yoyote yapaswa kubeba mzigo huo kwa sababu tu lugha nyingine imeubeba.

Madhara yake si ya kuchekesha. Matumbawe mengi hukaa vizuri katika maji ya nyuzi 25 hivi za selsiasi au kuzidi kidogo. Bahari ikizidi kwa nyuzi moja tu juu ya kiwango cha kawaida cha mwezi wake wa joto kabisa, na hali hiyo ikaendelea kwa majuma kadhaa, matumbawe huwatoa mwani wadogo waishio ndani yake, hugeuka meupe, na mara nyingi hufa. Ndivyo ilivyotokea mwaka 1998 katika pwani yetu na katika sehemu kubwa ya magharibi ya Bahari ya Hindi, ndivyo ilivyotokea tena mwaka 2016, na katika mwaka 2024. Katika maandishi yahusuyo matumbawe, basi, neno "joto" ni neno la hatari, mfano wa neno "sumu" katika kitabu cha dawa. Halifai kutumiwa kwa jambo lisilo joto. Mtu akiogopa tarakimu 14,000 atanunua taa ya 2,700, ya njano, na matumbawe yake yatadhoofu kwa kukosa buluu. Na mtu akizoea kwamba "joto" katika kijitabu hiki ni maneno matupu ya rangi, atapuuza onyo la joto lenyewe litakapotajwa.

Liko na kosa la pili ndani ya la kwanza. Hata kama tungeukubali usemi huu, "joto" si "halijoto". Kwa miaka mingi sasa vitabu vyetu vya sayansi vimetenga joto, ambalo ni nishati, na halijoto au jotoridi, ambayo ni kipimo. Mfasiri ameufuta utengano huo kwa kalamu moja.

Mwalimu mmoja wa fizikia wa Masasi alitupinga kwa hoja yenye uzito. Alisema kwamba mwanafunzi akikutana na kelvini bila kutajiwa halijoto atauliza: kelvini za nini? Twakubali. Katika kitabu cha fizikia, ambapo habari ya mwili wa mfano inaelezwa kwa urefu, hapana ubaya wa kusema "halijoto ya rangi", maana maelezo yapo karibu kuilinda istilahi. Kijitabu cha mnunuzi hakina ulinzi huo. Kwa matumizi haya tumependekeza "daraja la rangi", tarakimu ikibaki kama ilivyo kwenye kasha: taa ya daraja la rangi 14,000 K. Na badala ya "baridi" na "vuguvugu" tumependekeza maneno ambayo maduka ya Masasi na Newala yanayatumia kila siku bila kumwuliza mtu yeyote: taa ya njano, taa nyeupe, taa ya buluu. Wauza taa walikwisha kuisanifu istilahi hii kabla yetu, nasi tumechelewa kuiandika tu.

Tugeukie vipimo vya mwanga. Hapa mfasiri amejitahidi kupita kiasi. Ameyatwaa maneno matatu yaliyo jirani, yaani "mwanga", "mwangaza" na "nuru", akaligawia kila moja kipimo chake: "mwanga" uwe ule utokao katika taa, upimwao kwa lumeni, "mwangaza" uwe ule uangukao juu ya eneo, upimwao kwa laksi, na "nuru" iwe ile itumiwayo na mimea katika usanisinuru. Mgawanyo huu unapendeza machoni, na hilo la mwisho lina hoja, kwa kuwa "nuru" imo katika neno "usanisinuru" lenyewe. Lakini hakuna mtu hata mmoja, Masasi wala Newala, aliyeweza kututajia tofauti hizo bila kufundishwa, na waliofundishwa waliisahau kabla ya kuufunua ukurasa uliofuata. Kuyatenga kwa amri maneno ambayo wasemaji huyabadilishana ni tabia ambayo sisi watu wa istilahi tumeizoea mno. Orodha hupendeza, na msomaji hupotea.

Ilhali tofauti yenyewe ni ya lazima, na kwa tangi la matumbawe ndiyo kiini cha jambo lote. Wati haipimi mwanga. Inapima umeme unaotumika. Balbu ya waya ya wati 60 ilitoa lumeni 800 hivi, na taa ya LED hutoa kiasi hichohicho kwa wati 8 hadi 10, ndiyo maana makasha huandikwa "sawa na wati 60" na wanunuzi wakadhani wameibiwa wati 50. Lumeni nayo hupima mwanga kwa jicho la binadamu. Jicho letu huona zaidi rangi ya kijani iliyo karibu na nanomita 555. Buluu ya nanomita 450 hulifikia kwa kiasi kidogo sana, kama sehemu moja kwa ishirini na tano. Mwani aishiye ndani ya tumbawe hana jicho letu. Yeye huipokea buluu hiyo kwa wingi na kuifanya chakula, kisha humgawia mwenyeji wake. Kwa hiyo taa ya buluu yenye lumeni chache yaweza kuwa karamu kwa tumbawe, na taa nyeupe yenye lumeni tele ikawa shibe ya macho ya mwenye nyumba tu. Kipimo kifaacho ni kile cha kuhesabu chembe za mwanga zilizo kati ya nanomita 400 na 700 zinazofika mahali fulani kwa kila sekunde. Hupimwa kwa maikromoli kwa mita ya mraba kwa sekunde. Jua la utosini hutoa takriban 2,000. Matumbawe laini hutosheka na 100 hivi. Na wafugaji wa matumbawe magumu ya matawi hulenga 200 hadi 350.

Kipimo hiki, msomaji aangalie, huchukuliwa pale tumbawe lilipo, si pale taa ilipo. Hapo ndipo wenzetu wa Newala walipotusaidia kuliko kamusi yoyote. Juu ya uwanda wao hakuna mito, na maji yamekuwa taabu yao ya vizazi. Tangu miaka ya 1950 maji ya mradi wa Makonde yamekuwa yakisukumwa kwa pampu kutoka mabondeni. Mtu wa Newala hahitaji kuelezwa kwamba maji yatokayo kwenye pampu si maji yafikayo kwenye ndoo. Tulipoueleza mwanga kwa mfano huo, mama mmoja mwalimu alimaliza sentensi kabla yetu: "Basi semeni mwanga utokao na mwanga ufikao." Tumeuchukua msemo wake kama ulivyo. Mwanga utokao ni wa taa, wa lumeni. Mwanga ufikao ni wa tumbawe. Na pale inapobidi kusema ni mwanga wa aina gani ufikao, "mwanga wa usanisinuru" watosha.

Mfano wa pampu unatupeleka kwenye neno ambalo halikututia shaka tulipolisoma ofisini, likatutia shaka tuliposikia likisomwa. Kijitabu chote kinazungumzia "tangi refu". Mfasiri amekusudia tangi la kwenda chini. Lakini "-refu" katika Kiswahili ni ya barabara, ya mnazi na ya kisima pia. Na tangi linalowekwa sebuleni, asemapo mtu kuwa ni refu, kila aliyesikia alitandaza mikono yake kulia na kushoto. Sasa tazama matokeo. Mwenye tangi la kulala huhitaji taa nyingi zilizopangwa kwa safu, zenye kutawanya mwanga kwa upana. Mwenye tangi la kwenda chini huhitaji taa zenye lenzi inayoukusanya mwanga, ili ufike chini ungali na nguvu. Shauri la kwanza likifuatwa na mtu wa pili, matumbawe ya juu yataungua na ya chini yatakaa gizani. Neno lipo, nalo ni la zamani: kina. "Tangi lenye kina" halina utata, na "kina cha sentimita 70" hakimpi mtu nafasi ya kutandaza mikono. Kwa upana wa mwanga utokao katika lenzi, kijitabu kinasema "pembe ya mwale", na hapo twampongeza mfasiri: nyuzi 120 ni pembe pana, nyuzi 60 ni nyembamba, na kila aliyesoma hesabu za shule alielewa papo hapo.

Katika sura hiyohiyo iko sentensi isemayo kwamba maji ya tangi "huumeza" mwanga, hivyo taa iwe kali. Hilo ni kweli kwa bahari. Maji huumeza wekundu kwanza, na kufikia mita kumi kwenda chini umebaki kidogo sana, ilhali buluu huendelea mbali. Katika tangi la sentimita 70 maji yenyewe humeza kidogo tu. Kinachoupunguza mwanga ni kutawanyika kwake kadiri unavyoiacha taa. Kitenzi "kumeza" kimebeba lawama isiyo yake. Tumeshauri "kutawanyika" kwa tangi, na "kumezwa" kuachiwe bahari.

Rangi za taa zinahitaji neno moja zaidi. Taa bora za matumbawe huwa na safu kadhaa za LED, na ile iliyo muhimu kuliko zote ni ya nanomita 450 hivi. Buluu hii ina historia yake. LED nyekundu ilipatikana mwaka 1962 kwa kazi ya Nick Holonyak. Buluu angavu haikupatikana mpaka miaka ya 1990, na Wajapani Isamu Akasaki na Hiroshi Amano, pamoja na Shuji Nakamura mzaliwa wa Japani, wakatunukiwa kwa ajili yake Tuzo ya Nobel ya fizikia ya mwaka 2014. Hata taa nyeupe ya chumbani, kwa kawaida, ni LED ya buluu iliyofunikwa kwa unga wa njano. Kijitabu kinaiita safu hiyo "buluu ya kifalme", tafsiri ya neno kwa neno. Tuliuliza buluu ya kifalme ni ipi. Mmoja alidhani ni ya bendera, mwingine ya sare za shule, na wa tatu akauliza mfalme gani. Tulipouliza juu ya rangi ya nili, ile itiwayo katika maji ya kufulia nguo nyeupe, hakuna aliyesita, na wanawake ndio waliokuwa wa kwanza kuonyesha. Basi iwe "nili" kwa nanomita 450, "buluu" kwa 470, na "urujuani" kwa zile zilizo chini ya 430. Samawati tumeiacha, ni rangi ya mbingu, na kila mtu ana mbingu yake.

Kuhusu jina la LED lenyewe hatukupoteza muda. Mfasiri ameunda "diodi-toamwanga", neno halali kabisa kisarufi, ambalo halitatamkwa dukani hata na yeye mwenyewe. Watu husema taa za LED, nasi twasema hivyo hivyo. "Diodi" ibaki katika vitabu vya elektroniki.

Limesalia neno lililo gumu kuliko yote, nalo ni "matumbawe". Pwani, tumbawe ni kiumbe cha baharini, lakini kwa mjenzi ni jiwe: jiwe jepesi la kuchongwa, na mawe ya baharini ya kuchomwa chokaa. Nyumba za kale za Mikindani zimejengwa kwa mawe hayo. Newala na Masasi, ambako wengi hawajaliona tumbawe likiwa majini, waliolijua neno walilijua kama jiwe. Kijitabu kinaposema "lisha matumbawe yako", msomaji wa bara anaona mtu akilisha ukuta. Mfasiri amejaribu kulikwepa hilo kwa kuandika "marijani" katika sura mbili za mwisho, jambo ambalo limeongeza matata, kwani marijani kwa wasemaji wengi ni ushanga mwekundu wa shingoni. Tumemwomba aandike "matumbawe hai" kila anapokusudia kiumbe, na "mawe ya matumbawe" anapokusudia jiwe. Hatudai kwamba jambo limekwisha. Kile kimnyama kimoja kimoja, chenye mdomo na vikono vyake, ambacho kwa maelfu ndicho kiujengacho mwamba, bado hakina jina katika orodha yetu, na mfasiri amekiita "kidudu", neno ambalo kwa mkulima wa korosho wa Newala huomba kupuliziwa dawa.

Kijitabu kimerudishwa kwa mfasiri pamoja na maelezo haya. Amekubali "daraja la rangi", "kina", "mwanga ufikao" na "nili". "Diodi-toamwanga" bado anaitetea. Kuhusu jina la kile kimnyama, tumekubaliana kwamba wavuvi na wazamiaji wa Msimbati waulizwe kabla ya ofisi yoyote kuunda neno.